Haki ya Aliyeumia, Ijapokuwa Ndogo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, asiyemdhulumu yeyote katika waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu,

Leo tunakumbushana juu ya haki ambayo wengi wetu huiacha ipotee kwa kuiona ndogo: haki ya mtu aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwenzake. Tumfikirie mama muuza maandazi aliyegongwa na pikipiki kando ya barabara, akavunjika mkono. Majuma sita hawezi kukanda unga. Mwenye pikipiki humpelekea fedha kidogo pamoja na karatasi ya kutia dole gumba, kwamba hana tena madai. Naye hutia, kwani wakili hana, na akimtafuta, ujira wake huenda ukazidi fidia yenyewe. Hivyo haki yake hufa kabla ya kumfikia hakimu.

Sheria ya Kiislamu haikulidharau jeraha. Mafakihi wameeleza kwamba diya ya nafsi ni ngamia 100, ya kidole kimoja ngamia 10, na ya jino ngamia 5. Jeraha lisilowekewa kiwango wamemwachia kadhi alikadirie kwa uadilifu. Ikiwa jino lina thamani yake, ni nani kati yetu awezaye kusema kwamba mkono wa mama yule si kitu?

Tukumbuke pia Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliuza bidhaa yake Makka, mkubwa mmoja wa mji akamnyima bei yake. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Ndipo watu wema wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Mtume wetu alihudhuria kiapo hicho kabla ya kupewa utume, na baadaye akakisifu. Deni lilikuwa la mtu mmoja, lakini mji mzima ulipata ulinzi.

Ndugu zangu, hapa Tanzania Bara mlango haukufungwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humwelekeza asiye na uwezo bila ya malipo, ingawa kumwakilisha mahakamani ni kazi ya mawakili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria. Kila chombo cha moto barabarani hutakiwa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine. Na aliyeumia kazini anao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri.

Basi aliyeumia na atoe taarifa polisi, achukue fomu ya PF3, aandike namba ya chombo na ya bima, ahifadhi stakabadhi za hospitali na majina ya mashahidi. Asichelewe, kwani madai ya namna hii yana muda wa miaka 3. Sulhu ni jambo jema, lakini asiafikiane juu ya karatasi asiyosomewa akaielewa. Wala asizidishe maumivu yake kwa uongo, kwani fidia ya uongo ni mali ya haramu.

Nanyi mliojaaliwa elimu ya sheria, mtengeeni mnyonge saa moja katika juma. Nawe uliyemuumiza mwenzio, usiufanye umaskini wake kuwa ngao yako. Mahakama ya dunia huenda asiifikie, lakini ya Akhera mtafika nyote wawili.

Ewe Mola wetu, waponye waliojeruhiwa, utujaalie kuwa wasaidizi wa wanyonge, na utuepushe na kula haki za watu. Amin.