Asiye na Kaburi Ana Haki Kwetu

(Hotuba ya Sheikh mbele ya mkutano wa jumuiya, Ngagara, Bujumbura)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. 

Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya kuwakumbuka waliotutangulia. Aliyezikwa karibu nasi, njia yake tunaijua: tutamzuru, tutamtolea salamu na kumwombea maghufira. Leo nataka kusema juu ya yule asiye na kaburi, na khasa kijana aliyechukuliwa na vita akafa mbali, wala mwili wake haukuonekana.

Katika Vita Kuu ya Pili, mwanzoni mwa Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa ikielekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, wakipelekwa kuungana na majeshi yaliyokuwa yakitayarishwa kwa vita vya Burma. Walikuwamo pia wauguzi wa kike, mabaharia na maofisa wa Kiingereza. Ilikuwa katika msafara wa meli kadhaa, na manowari ziliufuata kuulinda.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli ile kwa makombora mawili. Haikuchukua ila dakika mbili tatu kuzama. Askari wengi walikuwa chini, ndani ya meli, wala hawakupata nafasi ya kupanda juu. Manowari zilipoiandama nyambizi zilitupa mabomu ya majini pale pale ambapo watu walikuwa wakielea, na wapo walionusurika na adui wakauawa na mabomu ya upande wao. Nyambizi ile nayo iliangamizwa siku hiyo hiyo. Walikufa watu 1,297; waliookoka ni 214.

Ndugu zangu, mtazameni mmoja katika wale. Ni kijana aliyefunzwa kupiga mzinga, na mzinga wake hakuwahi kuupiga vitani. Nyuma yake yuko mama aliyeambiwa kuwa mwanawe amekufa, lakini hakuletewa maiti wala hakuonyeshwa udongo. Mama huyo huendelea kusikiliza mlango. Msiba wa maiti asiyeonekana haumaliziki, na aliyefikwa nao anatuuliza maswali ambayo ni wajibu wetu kuyajibu.

Swali la kwanza: je, yeye husaliwa? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, asiyekuwapo husaliwa sala ya ghaibu, maana Mtume wetu alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, na Najashi alikufa katika nchi yake. Na tumefundishwa katika hadithi kuwa Mwislamu aliyekufa maji huhesabiwa katika mashahidi. Wanazuoni wameeleza kuwa huyo ni shahidi wa Akhera: mwili wake ukipatikana, huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama maiti wengine. Basi mama asidhani kuwa mwanawe amekosa heshima kwa kukosa jeneza.

Swali la pili husemwa na vijana: vita vile havikuwa vyetu, vilikuwa vya watawala; kwa nini tumkumbuke aliyevipigana? Neno hili lina ukweli ndani yake. Watawala waliitisha watu, na watu wakaenda: huyu kwa ajili ya mshahara, huyu kwa amri ya mkubwa wake, huyu kwa hamu ya kuona dunia. Lakini sisi hatukukusanyika kuusifu utawala. Nia ya mtu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake, na haki ya maiti haianguki kwa sababu aliyemtuma alikuwa na makosa.

Mataifa mengine yametambua jambo hili. Huko Runnymede, Uingereza, mwaka 1953 lilifunguliwa jengo lenye majina zaidi ya 20,000 ya wanahewa wa vita vile wasiokuwa na makaburi. Miongoni mwao ni vijana wa ndege za mabomu, waliopaa usiku na hawakurejea. Kila mmoja ameandikwa jina lake. Wapiga mizinga wa Khedive Ismail nao wameandikwa majina yao katika ukumbusho ulioko makaburi ya vita, Nairobi.

Lakini wale wa vita vya 1914 hadi 1918 hawakupata hata hayo. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina jina la mtu hata mmoja, na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi hawakuandikwa. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na washirika wake ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Wale ni babu zetu, na leo hata mjukuu akitaka kuwaombea hajui amtaje nani.

Wazee wangu, sina haja ya kwenda mbali. Katika nchi yetu hii, miaka ya 1972 na 1993 iliacha nyumba nyingi zikiwa na mtu aliyetoka akasubiriwa asirudi. Na ziwa letu la Tanganyika nalo limechukua wavuvi na wasafiri. Mama wa hao ana msiba ule ule wa mama wa mpiga mizinga.

Basi naomba jambo moja. Kila nyumba iandike jina la mtu wake asiye na kaburi: jina lake, jina la baba yake, mwaka alioondoka na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Likijulikana deni lake, liandikwe pia, maana deni hutangulia mirathi. Ikiwa kufa kwake hakujathibitika, jamaa wasigawane mali yake wala mkewe asiolewe mpaka wawaendee wanazuoni na kadhi. Majina hayo yawekwe katika daftari la jumuiya, na yasomwe siku ya hitima. Wazee wanaoyajua wanaondoka mmoja mmoja; tukichelewa, tutabaki na hesabu bila majina, kama ya wale wapagazi.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye ujuaye kila mja wako alipolala, baharini na nchi kavu. Warehemu maiti wetu, wape subira wanaowangoja, na utujaalie sote mwisho mwema. Amin.