Serikali Mbili, Mlango Upi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi wa Changamwe, Kisauni na Likoni



Nimeombwa niseme habari ya kugawa madaraka ya serikali. Jambo hili si la mawakili peke yao. Lagusa mshahara wako, dawa ya mtoto wako na kazi yako bandarini.

Sisi watu wa Pwani, neno "majimbo" si geni kwetu. Kenya ilipojitawala mwaka 1963 ilikuwa na majimbo 7, mbali na eneo la Nairobi, na kila jimbo lilikuwa na baraza lake. Bwana Ronald Ngala, kiongozi wa KADU, alikuwa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Lakini serikali kuu haikuyapenda majimbo, nayo ndiyo iliyoshika mfuko. Novemba 1964 KADU ikavunjwa. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa Jamhuri, na majimbo yakanyang'anywa madaraka yake. Tujifunze hapo: baraza lisilo na fedha halidumu.

Katiba ya mwaka 2010 imeleta kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Katiba yaamuru zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hayo ni maendeleo. Lakini mfanya kazi sasa ana serikali mbili, na mara nyingi hajui abishe mlango upi.

Tazameni madaktari. Juni 2013 chama chao kilitia sahihi mapatano na serikali kuu. Mwaka huohuo hospitali nyingi zikahamishiwa kaunti. Walipodai haki yao, kaunti zikasema hazikutia sahihi mapatano hayo. Madaktari wakagoma siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi hapo zilikuwa wagonjwa maskini.

Tazameni na bandari. Bandari ya Mombasa iko mikononi mwa serikali kuu. Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba makontena ya bara yasafirishwe kwa reli mpya, madereva, matanboi na watu wa magodauni ya Changamwe walikaa bila kazi. Watu wakaandamana Mombasa. Kaunti haikuwa na uwezo wa kuifuta amri ile. Kazi ya kukagua na kutoa mizigo ilitangazwa kurudishwa Mombasa Septemba 2022, na aliyeitangaza ni Rais, siyo Gavana.

Wengine husema: basi tupewe fungu la mapato ya bandari, yaishe. Tuwatazame Nigeria. Katiba yao ya mwaka 1999 yasema majimbo yenye mafuta yapate si chini ya asilimia 13 ya mapato yake. Hata hivyo, mwaka 2015 majimbo mengi ya nchi hiyo yalishindwa kulipa mishahara, ikabidi serikali kuu iyaokoe. Fungu ni jambo jema, lakini fungu lisilo na msimamizi huliwa.

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu:

1. Kila mapatano ya mshahara yaonyeshe wazi ni serikali ipi italipa, na sahihi yake iwepo.

2. Makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa mbele ya Baraza lake kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Katiba yatupa haki ya kusikilizwa. Wajumbe wetu wahudhurie, wasingoje Julai ndipo walalamike.

3. Kwa habari ya bandari, tusipoteze nguvu kwa Gavana. Twende pamoja kwa wabunge wetu na Seneta.

Ndugu zangu, madaraka yaliyoletwa karibu hayana faida ikiwa mwenyewe yuko mbali. Tusogee karibu.