KUANZA NA KUMALIZA
Mazungumzo ya Katibu wa Chama kwa wanaushirika

(Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo, na pia kwa wale waliokuwapo lakini walikaa nyuma wakipiga soga.)

Ndugu wanaushirika, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioegemea pikipiki pale nje,

Tumeombwa tuseme maneno machache kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu lipo jambo limewagawa watu. Fedha ya mbaazi imeingia. Kamati inataka theluthi moja ibaki kwa ajili ya kitalu cha miche ya kahawa na tangi la maji. Wengine wanasema hapana, igawanywe yote, kila mtu aende na chake, kahawa ni mambo ya wajukuu. Tumesikia hata kilabuni watu wanabishana mpaka pombe inapoa. Sisi hatukuja kumwamuru mtu. Kura ni yenu. Ila tunaomba kwanza tuwasimulie habari za wakimbiaji.

Mtasema, wakimbiaji na mbaazi wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Mwaka 1968 michezo ya Olimpiki ilifanyika katika mji wa Mexico. Tanzania ilimpeleka John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Wakati ule hata Karatu yetu ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu, kwa hiyo huyo ni wa nyumbani kabisa. Alikimbia marathoni, kilometa 42 na kidogo. Kwa asiyejua urefu wake, ni kama kutoka Karatu mjini, ukashuka mpaka Mto wa Mbu, halafu ukageuka uanze kuupanda tena ule mlima wa Manyara. Na mji wa Mexico uko juu, mita zipatazo 2,240 toka usawa wa bahari, karibu sawa na kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hewa ya huko ni nyepesi, mtu asiyeizoea huhema kama ng'ombe wa jembe.

Njiani Akhwari alianguka. Goti likaumia vibaya, na bega pia. Wakamfunga bendeji, akainuka, akaendelea, mara anakimbia, mara anachechemea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, saa 3 na dakika 25, giza limeshaingia na watu wengi wamekwenda zao. Walioanza walikuwa 75. Yeye alikuwa wa 57, wa mwisho. Hebu hesabuni: 75 kutoa 57 ni 18. Hao 18 waliacha njiani. Alipoulizwa kwa nini naye hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka mbali namna ile ili akaanze mbio tu, ilimpeleka akazimalize. Mwaka 1983 Serikali ikampa nishani ya ushujaa. Tena msidhani alikuwa mkimbiaji wa bahati mbaya siku zote: mwaka 1970 katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh alikuwa wa 5 katika marathoni. Lakini dunia haimkumbuki kwa Edinburgh, inamkumbuka kwa Mexico, alipokuwa wa mwisho.

Jambo hili linatugusa sisi wenyewe tunaoandika haya, na tuseme wazi. Tulipoingia darasa la kisomo cha watu wazima tulikuwa tumeshapita miaka 30. Mpaka hapo tulikuwa tunasaini kwa dole gumba. Siku ya kwanza benchi zilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye madebe. Yalipofika mavuno, nusu hawakurudi. Hata sisi tulitoroka kama wiki mbili, kwa aibu, maana mtoto wetu wa darasa la tatu alikuwa anatusahihisha herufi usiku mbele ya mama yake. Mwalimu akaja nyumbani. Hakutugombeza, alisema tu, "Baba, daftari lako lipo." Basi tukarudi. Na siku moja, baada ya muda mrefu, tukapewa karatasi ya mizani na mnunuzi mmoja wa mazao, tukaisoma wenyewe pale pale. Kumbe kilo zilizoandikwa si zile zilizotajwa kwa mdomo! Tukasema, hebu pima tena. Akapima tena. Miaka yote ya nyuma, nani anajua tulipoteza kilo ngapi kwa sababu ya dole gumba.

Sasa tuje kwa Filbert Bayi, aliyezaliwa hapa hapa Karatu mwaka 1953. Vijana mnamtaja sana mnapotaka kuonyesha kwamba sisi ni watu wa mbio, lakini mkiulizwa alifanya nini mnasema, "Alikimbia." Haya, alikimbia nini?

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyokuwapo toka mwaka 1967. Aliongoza toka mzunguko wa kwanza. Wengine walikuwa na desturi ya kufichana nyuma na kungojana mpaka mwisho, yeye akaondoka peke yake. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka mstarini asimpate, na Ben Jipcho wa Kenya akawa wa 3. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975 kule Kingston, Jamaica, akavunja na rekodi ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.

Hapa vijana husema: "Si unaona Katibu, mtu akianza kwa kasi anashinda!" Hapana, ndugu zangu. Mwaka mmoja kabla, Januari 1973, alikwisha kumshinda Kipchoge Keino mwenyewe katika michezo ya Afrika kule Lagos. Ile kasi ya Christchurch ilikuwa imelimwa siku nyingi shambani kabla haijapelekwa sokoni. Mtu asiyefanya mazoezi akiondoka vile, mzunguko wa pili anatafuta kivuli.

Halafu sikilizeni lililompata. Mwaka 1976 ilikuwa Olimpiki ya Montreal. Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Ulikuwa uamuzi wa haki, na sisi mpaka leo tunasema ulikuwa wa haki. Lakini gharama yake ililipwa na miguu ya watu. Bayi hakukimbia, na dhahabu ya mita 1,500 ikachukuliwa na yule yule Walker. Mtu mwingine angesema basi, yamekwisha, tunarudi kulima. Miaka 4 ni mingi sana kwa mkimbiaji.

Mwaka 1980, Moscow, Bayi yule yule akatokea katika mbio nyingine kabisa, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akaongoza kama desturi yake, mpaka mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akampita. Medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hizo ndizo medali mbili tu ambazo nchi yetu imewahi kupata katika Olimpiki. Wapo wanaosema angepunguza mwendo mwanzoni angepata dhahabu. Huenda. Kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti ni rahisi. Sisi tunalotazama ni kwamba alikuwapo pale, miaka 6 baada ya Christchurch, bado anakimbia. Na alipoacha mbio akajenga shule. Mtu aliyejulikana kwa kazi ya dakika 3 na nusu, akachukua kazi ya kumlea mtoto toka chekechea mpaka sekondari!

Na huyu wa karibuni mnamjua wote, maana mlijaa dukani kutazama simu: Alphonce Simbu, askari wetu, kijana wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia. Yeye na Mjerumani, Amanal Petros, walihesabiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48 wote wawili, wakatenganishwa na sehemu 3 katika 100 za sekunde moja. Ni Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Lakini kabla ya hapo? Rio mwaka 2016 alikuwa wa 5. London mwaka 2017 alipata shaba. Olimpiki iliyokimbiwa mwaka 2021, wa 7. Birmingham mwaka 2022, fedha ya Jumuiya ya Madola. Paris mwaka 2024 hakupata kitu. Boston, Aprili 2025, wa 2. Toka Rio hadi Tokyo ni miaka 9. Sisi tunaikimbia kahawa kwa sababu ya miaka 3.

Haya, kahawa sasa. Mnakumbuka ile miche tuliyogawa zamani kidogo. Tuliipanda masika, tukapigwa picha na wageni, ngoma ikalia. Kiangazi kilipofika, nani alibeba ndoo? Akina mama wachache tu. Iliyobaki ikaliwa na mbuzi. Tukakaa kikao, tukaandika kwamba udongo wa hapa haufai kwa kahawa. Jamani! Na Oldeani ile pale, kahawa iko toka enzi za wakoloni. Na kwa kuwa leo tunasema ukweli, mbuzi wa kwanza kuonekana ndani ya ile miche walikuwa wa Katibu.

Mbaazi nazo tusizitukane, zimetusomeshea watoto. Lakini mwaka 2017 India ilipobana uingizaji, bei ilianguka, magunia yakalala ndani mpaka tukawa tunayapanda juu kwenda kitandani. Mwenye zao moja ana mguu mmoja. Mche wa kahawa ukitunzwa huanza kuzaa mwaka wa 3, na ukipogolewa vizuri chini ya kivuli cha migrivea utazaa mpaka aliyeupanda awe mzee.

Mama mmoja alitujibu juzi, "Katibu, mtoto hali kahawa, na ada ni Januari." Ni kweli tupu, nasi hatukuwa na jibu. Ndiyo maana kamati ilipunguza, toka nusu iliyotaka mwanzo mpaka theluthi. Theluthi mbili zitagawanywa kabla ya shule kufunguliwa. Na mzee mmoja akasema hatafika kuivuna. Tukamwuliza ile mikuyu ya kule korongoni ilipandwa na nani. Akacheka, lakini hakusema atapiga kura gani.

Mkutano ni Jumamosi saa 4 asubuhi, ghalani. Anayetaka kuona hesabu ya fedha yote aje Ijumaa, daftari litakuwa wazi, na asiyejua kusoma atasomewa na mtu anayemchagua mwenyewe. Kura ikipita, zamu ya kumwagilia itabandikwa ukutani hapa, kaya kwa kaya, wanaume kwanza. Uzio wa kitalu utajengwa kabla ya mche wa kwanza kufika. Mbuzi wa Katibu wamekwisha kufungwa.