Mashua Wazi au Yenye Kibanda?

Mvuvi wa Mbeere, huku Embu, aingiaye usiku katika bwawa la Masinga, ziwa lililofanywa kwa maji ya mto Tana na kukamilika mwaka 1981, akanyeshewa hadi alfajiri, hana lawama akitamani mashua yenye kibanda. Walakini nasaha yangu ni kwamba asifanye haraka. Nyavu zake huvutwa kwa mkono ubavuni mwa chombo, na kila shubiri ya nafasi ni riziki. Kibanda huila nafasi hiyo, huongeza uzito juu, tena hushika upepo mithili ya tanga lisilokunjika, hata chombo kikasukumwa mbali na nyavu zake. Zaidi ya hayo, na hili ndilo linitialo hofu, bwawani mna viboko na mamba: kiboko akiipindua mashua ghafla, aliye ndani ya kuta nne itambidi kwanza autafute mlango gizani. Kwa wavuvi wa bahari kuu, walalao majini siku kadhaa, kibanda ni cha lazima. Huku Embu yatosha turubai omoni, juu ya matao mepesi yaondolewayo kabla ya kutega, na fedha itakayosalia inunue, kabla ya kitu kingine chochote, jaketi la kuokolea kwa kila nafsi iliyomo.