Upendo Uliokubali Kwenda Shule

Jumapili ya Nne ya Majilio



Injili ya Jumapili hii yatuonyesha Bikira Maria akishika njia kwa haraka kuelekea milimani, nyumbani kwa jamaa yake Elizabeti. Mara nyingi twatafakari salamu zao na furaha ya mtoto aliyeruka tumboni. Leo tuangalie neno dogo ambalo Mwinjili Luka aliliweka mwishoni mwa habari hiyo: Maria alikaa huko kama miezi mitatu. Naye Elizabeti, kwa neno la Malaika, alikuwa tayari katika mwezi wa sita. Tukijumlisha, twaona ya kuwa Maria alikaa mpaka siku za kujifungua zilipowadia au kukaribia. Hakwenda kutoa pongezi na kurudi. Alimtumikia mama mja mzito, tena wa umri mkubwa, katika kipindi ambacho kila mwanamke huhitaji mwenzake karibu.

Wapo wanawake walioifuata njia hiyo ya Maria mpaka ng'ambo ya bahari. Tuwakumbuke watatu.

Wa kwanza ni Agnes McLaren, daktari kutoka Uskoti. Alitambua ya kuwa huko Rawalpindi, mji wa Uhindi ya wakati ule ambao leo uko Pakistani, wanawake wengi waliishi ndani kwa desturi ya kujitenga na wanaume wasio jamaa zao. Hawakuweza kutibiwa na daktari mwanamume, hata uchungu ulipowashinda. Masista wangeweza kuwaingilia nyumbani, lakini kanuni za Kanisa za siku zile hazikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya udaktari wala ya ukunga. Mama huyu alisafiri mpaka Roma mara kadhaa kuomba kanuni hiyo ilegezwe. Alifariki mwaka 1913 bila kupata jibu alilolitamani.

Lakini barua zake zilikuwa zimemfikia msichana wa Tirol, nchini Austria, aitwaye Anna Dengel. Wawili hawa hawakuonana kamwe. Kwa ushauri wa McLaren, Anna alikwenda kusomea udaktari Cork, nchini Ayalandi, kwa kuwa shahada ya huko ilitambuliwa na serikali ya Kiingereza iliyotawala Uhindi. Ilimbidi asome kwa lugha ya kigeni. Alihitimu mwaka 1919, na mwaka 1920 akafika Rawalpindi. Mwaka 1925 alianzisha huko Washington, Marekani, jumuiya ya wanawake wa tiba kwa ajili ya misioni.

Wa tatu ni Mary Martin wa Dublin, Ayalandi, aliyezaliwa mwaka 1892, mwaka ule ule wa Anna. Alijifunza ukunga mjini mwake, kisha mwaka 1921 akasafiri mpaka Calabar, Nijeria. Aliporudi kwao alikuwa na hamu ya kuanzisha shirika la watawa watakaowahudumia wazazi na watoto wachanga. Akangoja zaidi ya miaka kumi.

Ndipo tarehe 11 Februari 1936, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, Roma ikatoa maagizo mapya kwa nchi za misioni. Masista wakaruhusiwa kuwahudumia akina mama wakati wa kujifungua. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Aprili, Mary Martin aliweka nadhiri zake huko Nijeria akiwa mgonjwa kitandani. Nasi Watanzania tumeyaonja matunda ya subira hiyo, kwani masista wa shirika lake walikuja kuhudumu Dareda, na baadaye Makiungu, mkoani Singida.

Ndugu wapendwa, tuone jambo moja katika maagizo hayo ya mwaka 1936. Kanisa halikusema tu, nendeni. Lilitaka pia masista wapate mafunzo na vyeti vinavyostahili. Moyo mwema peke yake haukutosha.

Kwa nini? Kwa sababu mama anayevuja damu baada ya kujifungua haponywi na huruma. Anahitaji mikono inayojua kukanda tumbo la uzazi, na macho yanayotambua kama kondo la nyuma limetoka lote. Mwenye kifafa cha mimba anahitaji mtu aliyempima shinikizo la damu mapema. Mkunga hufundishwa kupapasa tumbo na kujua mtoto amelalaje, kusikiliza mapigo ya moyo wake, kuhesabu saa za uchungu, na kutambua wakati wa kusema: hili limenizidi, tumpeleke kwa daktari. Aendaye ng'ambo huongezewa somo jingine. Hujifunza lugha ya wenyeji, apate kuelewa mama anaumwa wapi na anaogopa nini. Hujifunza pia kuketi na wakunga wazee wa kijiji na kuwasikiliza.

Kujifunza hivyo ni unyenyekevu. Anayetaka kusaidia leo leo huona miaka ya masomo kuwa ni hasara. Wanawake hawa waliiona kuwa ni sehemu ya sadaka yao. Walikesha na vitabu kwa ajili ya mama ambaye bado hawajamwona.

Je, sisi? Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini uchungu huo tusimwachie mzazi peke yake. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa katika mwaka 1 tu, mwaka 2023, wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku. Wengi wao wangeweza kuokolewa. Basi akina baba, tusingoje uchungu uanze ndipo tutafute nauli. Akina mama wakwe, tusimzuie mkwe kwenda kliniki kwa kuwa sisi tulijifungulia nyumbani. Wazazi, binti au kijana akitaka kusomea ukunga, tusiidharau kazi hiyo. Nasi makatekista, tusiende kufundisha bila kujiandaa, tukidhani nia njema yatosha.

Kitabu cha Kutoka chawataja kwa majina wakunga wawili, Shifra na Pua, waliomcha Mungu wakakataa kuwaua watoto wa Waebrania. Jina la Farao yule hakikulitaja. Mungu huwakumbuka wanaolinda uhai.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekubali kuzaliwa na mwanamke, uwalinde wote walio katika uchungu usiku huu. Uwape wakunga wetu mikono yenye ujuzi na moyo wenye upole. Utujalie nasi upendo unaokubali kufundishwa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.