Myeyusho wa Nafion na Kazi Zake kwenye Elektrodi



Nafion ni polima iliyobuniwa na Walther Grot katika kampuni ya DuPont nchini Marekani, miaka ya 1960. Mnyororo wake mkuu ni wa kaboni na florini, sawa na ule wa Teflon, nao haupatani na maji. Pembeni yake huning'inia minyororo mifupi yenye asidi ya salfoni mwishoni, na asidi hiyo huyapenda maji mno. Polima hii ikilowa, maji na asidi hujikusanya katika vijishimo vyenye upana wa nanomita chache, na humo ndimo protoni hupita. Kwa kuwa chaji hasi za asidi zimefungwa kwenye mnyororo, ioni chanya hupitishwa na ioni hasi husukumwa nje.

Viwanda vya klorini na hidroksidi ya sodiamu hutumia polima hii ikiwa utando mpana. Mimi nitazungumzia ile ya majimaji, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na asilimia 5 ya polima ndani ya maji na alkoholi. Naamini tabia ya tabaka tunalopata kwenye elektrodi huamuliwa zaidi na jinsi tunavyolikausha kuliko na kilichoandikwa kwenye chupa.

Kwa miaka mingi utando wa Nafion ulikataa kuyeyuka. Mwaka 1982 Charles Martin na wenzake walionyesha kwamba huyeyuka katika mchanganyiko wa maji na ethanoli kwenye joto la karibu nyuzi 250 za Selsiasi, chini ya kanieneo kubwa. Hata hivyo minyororo haiachani kabisa. Hubaki chembe ndefu, sehemu zenye florini zikiwa ndani na asidi ikiwa nje, zimeelea katika kimiminika. Ukidondosha tone kwenye elektrodi na kuliacha likauke kwa joto la chumba, chembe hizo hukaa karibukaribu bila kufumana. Tabaka lake hupasuka, na likiguswa tena na maji au alkoholi hurudi kuyeyuka. Mwanafunzi anayeona ishara ya elektrodi yake ikififia kila anapoisuuza aanze kutafuta sababu hapa.

Mwaka 1986 Moore na Martin walieleza dawa ya tatizo hili: kuongeza kiyeyushi kinachochemka kwa joto kubwa, kama dimethili salfoksidi, na kukikausha taratibu kwenye joto kubwa. Minyororo hupata nafasi ya kusogea, kufumana na kujipanga kifuwele, na tabaka huwa laini lisiloyeyuka. Ndiyo maana ripoti isiyotaja kiyeyushi na joto la kukaushia huwa ngumu kurudia. Kwenye elektrodi yenye kimeng'enya njia hii haifai, kwani joto hukiharibu, na asidi yenyewe hukidhuru. Hapo ni lazima asidi ya myeyusho ipunguzwe kwanza kwa besi hafifu.

Faida kubwa kuliko zote imeonekana katika seli za fueli za hidrojeni. Platini, kichocheo cha seli hizo, hufanya kazi pale tu gesi, protoni na elektroni zinapokutana. Elektrodi za zamani zilihitaji miligramu 4 hivi za platini kwa kila sentimita ya mraba, na sehemu kubwa yake haikuguswa na protoni hata kidogo. Katika maabara ya Los Alamos, Raistrick alipaka myeyusho huu juu ya elektrodi zilizokwisha kutengenezwa. Baadaye Wilson na Gottesfeld waliuchanganya na unga wa kaboni yenye platini ukawa wino, na kufikia mwaka 1992 kiasi cha platini kilishuka chini ya miligramu 0.2. Lakini polima ikizidi, oksijeni hushindwa kupenya, na vikundi vya salfoni hushika uso wa platini. Anayepima kichocheo kwenye elektrodi inayozunguka atumie polima kidogo kadiri inavyowezekana.

Kwenye vihisio, sifa ya kuchagua chaji ndiyo yenye thamani. Dopamini ya ubongo ina chaji chanya, askobeti ina chaji hasi, na zote mbili huoksidika kwenye volti zinazokaribiana. Tangu 1984 elektrodi zilizopakwa Nafion zimetumika kuzitenganisha. Vilevile, tabaka jembamba juu ya elektrodi ya bismuthi huzuia sabuni na mabaki ya viumbe yasizibe uso wake tunapopima risasi na kadmiamu katika maji, jambo lenye manufaa ya moja kwa moja kwa maabara zetu.

Udhaifu upo. Joto likipita nyuzi 100, maji hutoka na upitishaji hushuka sana. Pia polima hii ni ya jamii ya kemikali za florini zisizooza, ambazo mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza zibanwe kisheria. Mabaki ya wino yakusanywe kwenye chombo chake maalumu, yasimwagwe kwenye sinki wala kuchomwa moto, maana yakiungua hutoa floridi ya hidrojeni, gesi yenye sumu kali.