Neno la Nahodha



Kwa muda wa miaka 10 tumewachukua wageni kuvua kwa mshipi ndani ya mwamba, hapa Watamu, tukitafuta changu na kolekole nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari, ambamo uvuvi umekatazwa tangu 1968.

Wengi hudhani kazi yetu ni kumwonyesha mgeni samaki walipo. Sivyo. Msimu mmoja wa kusi, mgeni aliyekwisha kulipa alitaka avushwe mwamba. Maji ya bamvua yalikuwa yakipwa kwa kasi na upepo ukiyapinga. Nahodha wetu akakataa. Fedha zikarudishwa, nasi tukamnung'unikia, maana sanduku letu lilikuwa tupu.

Baada ya saa moja tulisimama ufukoni tukautazama mlango wa mwamba: ulikuwa mweupe kwa mawimbi. Tukanyamaza.

Ndipo tukaandika kanuni: nahodha akikataa kutoka kwa sababu ya bahari, atalipwa ujira wake wa siku. Mgeni huchagua samaki. Nahodha huchagua maji. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ndugu wanachama, kanuni hiyo tusiiuze.